Siku Niliyofufuliwa Nikiwa Mzima

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mbele ya kioo, suti ya mtu mwilini, nikijiambia ni kwa siku moja tu. Kama gazeti lako lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, usijali. Nitakupa kwa ufupi.

Mimi naitwa Pasi. Si jina la kuzaliwa, ni la kazini. Baada ya kufukuzwa kiwanda cha mikate, na baada ya mwenye nyumba kunitolea godoro nje, niliokotwa na Mama Wanga, mwenye duka la udobi. Wanga wa kunyooshea kola, jamani, si ule mwingine. Ingawa akikasirika hata mimi huwa sina uhakika.

Pale dukani ndipo nilipokutana na Kinanda, binti anayepiga kinanda kanisani kwao. Alileta majoho ya kwaya yafuliwe. Akarudi kuyachukua. Akarudi tena kuuliza kama kuna joho limesahaulika, na wote wawili tulijua halikuwepo.

Shida ni baba yake. Mzee Filimbi ndiye mkuu wa wahudumu kanisani kwao, na hiyo filimbi haimtoki shingoni hata akiwa kwake anakunywa chai. Nilipokwenda kumwambia nia yangu, alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akarudi tena kwenye viatu.

"Njoo kwenye mkutano wa uwanjani," akasema. "Uvae kama mtu. Nitakuwa nakutazama."

Basi nikaipiga pasi suruali yangu ya pekee ya heshima. Kwa furaha nikaisahau pasi juu yake. Mnakumbuka moshi ule.

Ndiyo maana nikaazima suti ya mteja. Kuazima maana yake mwenyewe hana habari. Ilikuwa suti ya kijivu ya sufu nzito, bitana ya zambarau, imeletwa na dereva mmoja asiye na salamu. Mwenye suti hakujulikana, ila tumbo lake lilijulikana, kwa sababu kiunoni tungeweza kuingia wawili. Niliikaza kwa pini nyuma, nikaificha pini kwa koti.

Asubuhi nikampigia simu Mama Wanga kwa sauti ya mgonjwa.

"Mama, tumbo. Linanikata kama mkasi. Nahisi sitafika jioni."

"Pole mwanangu. Lala. Hata mimi leo nafunga duka mapema."

Mwenye akili angeuliza anafunga mapema aende wapi. Mimi nilishukuru, nikakata simu.

* * *

Uwanja ulikuwa umejaa kabla sijafika. Ule mkutano ulikuwa mikutano miwili iliyofungwa ndoa: maombi ya kuombea nchi, na kampeni ya Mheshimiwa ambaye nchi ilikuwa inaombewa impate. Upande huu bango la Mhubiri, mikono juu. Upande ule bango la Mheshimiwa, mikono juu vilevile. Katikati tulikuwa sisi na jua.

Jua lile lilikuwa limekuja na hasira zake. Kiangazi kilikuwa kimeshakausha hata majani ya uwanjani, na vumbi likawa linapanda kila kwaya iliporuka. Sufu ikaanza kunila shingo. Jasho likatoka kisogoni, likateremka mgongoni, likafika kwenye pini, likapinda, likaendelea na safari.

Mbele yangu palikuwa na mama mmoja mnene mwenye mwavuli. Nikajisogeza kidogo. Nikajisogeza tena.

"Kaka," akasema bila kugeuka, "mwavuli huu umealikwa na mimi tu."

Nikarudi juani kwangu.

Mara Mzee Filimbi akapita kwenye mstari wetu, kifua mbele, utepe wa mhudumu begani. Akasimama kwangu.

"Hujavua koti?"

"Hapana, mzee."

"Wenzako wote wameshavua."

"Mimi nimekuja ibadani, mzee, sikuja kuogelea."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akampigia mtu mwingine filimbi, akaendelea. Hakujua kwamba chini ya koti shati langu lilikuwa limechanika mgongo mzima. Mbele kola na vifungo, nyuma hewa tupu. Nisingeweza kulivua koti lile hata uwanja ungeshika moto.

Jukwaani Mhubiri akaomba. Alipochoka, Mheshimiwa akaahidi. Alipochoka Mheshimiwa, Mhubiri akaziombea zile ahadi. Mheshimiwa akaahidi mabomba ya maji kila nyumba, na mimi nikaanza kuyaona yale mabomba kwa macho yangu, yakitiririka hewani. Nikajua sasa ubongo unachemka.

Nikamtafuta Kinanda. Alikuwa kando ya jukwaa, nyuma ya ala yake, anapiga huku ananitazama. Nikatabasamu. Chumvi ikaniingia machoni.

Ndipo nilipoliona hema.

Lilikuwa jeupe, kubwa, pembeni ya jukwaa. Kila aliyezidiwa na joto alibebwa akapelekwa kule. Nikaona binti mmoja analazwa kwenye godoro. Wakampepea kwa vitabu vya nyimbo. Wakampa maji, na kwenye yale maji, ndugu zangu, mlikuwa na barafu. Nilisikia barafu ile ikigonga glasi kutoka nilipokuwa. Labda sikusikia. Lakini niliamini.

Mimi si mtu mbaya. Ni mtu aliyevaa sufu.

Nikangoja Mheshimiwa apandishe sauti, watu washangilie. Nikageuza macho juu. Nikalegeza magoti. Nikaanguka.

* * *

"Amekwenda!" mama wa mwavuli akapiga kelele. "Kaka wa watu amekwenda, na mimi nimemnyima mwavuli!"

Filimbi ikalia. Mikono ikanidaka, nikanyanyuliwa juu juu. Nikafunga macho kwa raha. Nikahesabu godoro langu limeshapatikana.

"Hemani!" nikamsikia Mzee Filimbi. "Mpitisheni hemani!"

Moyoni nikasema, baba mkwe, Mungu akuzidishie.

Lakini kutoka jukwaani ikatoka sauti nzito kwenye vipaza sauti.

"Msimpeleke hemani! Mleteni huku! Mleteni kama alivyo!"

Nilihisi nageuzwa hewani kama shuka linalokung'utwa. Ngazi. Mbao za moto. Nikalazwa chali jukwaani, jua usoni, umati wote umenyamaza.

"Anapumua?" Mhubiri akauliza.

Mzee Filimbi akapiga magoti, akalaza sikio kifuani kwangu. Kati ya sikio lake na moyo wangu palikuwa na sufu ya kutosha blanketi.

"Sisikii kitu," akasema.

Umati ukaguna. Mtu akaanza kulia.

Hapo ndipo ningefungua macho, nikohoe, niseme naomba maji, mambo yaishe. Sasa utaamkaje mbele ya watu wanaokulilia? Nikabana pumzi nipate nafasi ya kufikiri. Ndiyo ikawa vibaya zaidi.

"Hapumui kabisa!" Mzee akasema.

"Nyamazeni!" Mhubiri akanguruma. "Leo uwanja huu utaona!"

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Kilikuwa kiganja kizito, na mwenyewe alikuwa mtu wa kusukuma.

"Inuka!"

Akasukuma. Kichwa kikagonga mbao.

"Nimesema, inuka!"

Akasukuma mara ya pili kwa mwili wote. Kiuno changu kikateleza, ile pini ya nyuma ikafunguka, na ikaingia kwenye nyama mahali ambapo sitapataja, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na familia.

Nilisimama. Wallahi sikukaa kwanza. Nilitoka chali hadi wima, mikono juu, nikatoa ukelele ambao mpaka leo sijui niliutoa wapi.

Uwanja ulipasuka. Watu wakarukaruka, vumbi likafunika mabango. Kwaya ikaanza wimbo kila mmoja na wake. Mzee Filimbi akapuliza filimbi mpaka machozi yakamtoka.

Kinanda peke yake hakupiga hata noti moja. Alikuwa amekunja mikono.

* * *

"Sema, ndugu!" Mhubiri akanisogezea kipaza sauti. "Sema ulikuwa wapi!"

Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti nyingine, ya chini ya jukwaa, safu ya mbele kabisa, kwenye viti vya plastiki vya wenye heshima.

"Pasi! Wewe Pasi!"

Nikatazama chini. Mama Wanga, kitambaa kichwani, pochi kwapani, anapanda ngazi za jukwaa kama anakuja kudai roho yangu. Wahudumu wakajaribu kumzuia. Nani amzuie?

"Mwacheni!" Mhubiri akasema. "Mama, unamfahamu ndugu huyu?"

"Namfahamu! Ni mfanyakazi wangu!" Akanyoosha kidole puani kwangu. "Asubuhi ya leo amenipigia simu, anasema anaumwa tumbo, hatafika jioni!"

Mhubiri akageukia umati, sauti ikapanda.

"Mmesikia! Asubuhi aliaga! Alisema hatafika jioni!"

"Hatafikaaa!" umati ukajibu.

"Sikusema hivyo mimi," Mama Wanga akasema. "Nasema huyu ni mwongo!"

"Na mauti ni mwongo!" Mhubiri akadaka. "Mauti yameumbuka leo!"

Wakamshangilia Mama Wanga. Wakampa kiti. Ndipo macho yake yakateremka kutoka usoni kwangu, yakafika kwenye koti, na pale yakaganda. Yule mama anaijua kila nguo iliyopita mikononi mwake kuliko anavyojua watoto wake.

"Pasi," akasema taratibu. "Hiyo si ile..."

Hakumaliza, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa ameinuka. Alitaka kunikumbatia, mpiga picha yuko tayari, na mwanasiasa gani anaacha muujiza upite bila kuushika? Akaja kwa tabasamu pana. Akanifungulia mikono. Upepo mdogo, wa kwanza siku nzima, ukapita na kufunua koti langu.

Bitana ya zambarau.

Tabasamu lake halikutoka usoni, lakini nyuma yake mwenyewe alikuwa ameshatoka. Akanikumbatia kwa nguvu, mdomo sikioni.

"Hiyo suti umeitoa wapi?"

"Kwa... kwa dobi, Mheshimiwa."

"Ni yangu."

Nikatazama tumbo lake. Nikaelewa nafasi yote ile ya kiunoni ilikuwa ya nani.

"Nivue?" nikanong'ona.

"Hapa? Mbele ya wapiga kura?"

Mpiga picha akapiga. Mheshimiwa akanigeuza kidogo nipigwe ubavuni pia. Nikahisi anafikiri, maana mikono yake ilitulia mgongoni kwangu kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta swichi. Halafu akaipata. Akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Mnaiona suti hii? Mnaiona? Hii ni suti yangu mimi!"

Mama Wanga akashika kichwa.

"Nilimkuta ndugu huyu hana nguo ya kuvaa kuja mbele za Mungu. Nikasema, mimi nina suti, ndugu yangu hana. Nikaivua. Nikampa. Sikutaka kusema! Mimi si mtu wa kujitangaza!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Wazee wakavua kofia. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kuuliza kama zimebaki nyingine, akanyamazishwa.

"Ni kweli, ndugu?" Mhubiri akaniuliza.

Nikamtazama Mheshimiwa. Nikamtazama Mama Wanga. Yule mama, ambaye duka lake lingefungwa siku hiyo hiyo ikijulikana linavalisha watu suti za wateja, alinikazia macho na kutikisa kichwa polepole, kwamba ndiyo, ni kweli, sema ndiyo, mjinga wewe.

"Ndiyo," nikasema.

* * *

Walinipitisha nyuma ya jukwaa. Nikapewa maji yale yenye barafu hatimaye. Nikayanywa kwa mkupuo mmoja, meno yakauma, na sikufurahi kama nilivyotegemea.

Mheshimiwa akaja na Mhubiri. Mlango wa pazia ukafungwa.

"Una kipaji," Mheshimiwa akasema.

"Nisamehe, suti nitaifua, nitai..."

"Baki nayo. Wiki ijayo tuna mkutano mji wa pili. Baada ya hapo mji mwingine. Watu watataka kuona."

"Kuona nini?"

Akamtazama Mhubiri. Mhubiri akatazama viatu vyake.

"Imani za watu zinahitaji kusaidiwa kidogo," Mhubiri akasema. "Kidogo tu."

"Utazimia pale pale," Mheshimiwa akasema. "Ila usipige ukelele kama ule. Ulinitisha."

Wakaondoka bila kungoja jibu. Watu wa aina ile hawangojei majibu.

Pazia likafunguka tena. Mzee Filimbi. Macho mekundu, filimbi imelowa. Akanishika mikono yote miwili. Yule mzee aliyekuwa akinitazama viatu, sasa alinitazama usoni.

"Mwanangu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Niliweka sikio langu hapa. Mimi mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Na sasa umesimama. Mimi ni nani hata nikukatalie binti yangu?"

"Mzee, mimi..."

"Usiseme kitu. Natangulia kuwaambia watu. Leo leo, hapa hapa. Uje jukwaani nikutangaze." Akafuta macho kwa utepe wake. "Mama yake Kinanda alifariki mikononi mwangu nikiomba hivi hivi, hakuinuka. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kama kuna mtu ananisikia. Leo nimejibiwa."

Akatoka. Mimi nikabaki na glasi tupu mkononi.

"Umefurahi?"

Alikuwa Kinanda. Sijui aliingia saa ngapi. Alikuwa bado amekunja mikono.

"Baba yako amekubali," nikasema.

"Nimesikia. Nimesikia na yale ya mji wa pili." Akanisogelea. "Nilikuwa nakutazama, Pasi. Kabla hujaanguka uligeuka nyuma kuona pa kuangukia. Halafu ukashika pindo za koti zisiguse vumbi. Mtu anayezimia hana habari na pindo."

Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

"Lilikuwa joto," nikasema. "Nilitaka maji tu."

"Ungeniomba mimi. Chupa ilikuwa miguuni pangu."

Jamani. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko pini.

"Baba anafikiri umefufuka," akasema. "Basi sawa. Lakini mimi sitaki kuolewa na maiti. Nilikuwa namtaka yule aliyenitafutia joho ambalo halikupotea."

"Nikisema ukweli, baba yako hatanipa mke."

"Labda."

"Mheshimiwa atanifunga. Mama Wanga atanifukuza."

"Labda hayo pia."

"Na baba yako... umemsikia alivyosema kuhusu mama yako. Nitamvunjaje moyo mbele ya watu wote wale?"

Kwa mara ya kwanza niliona naye hajui. Akafuta jasho kwenye paji langu kwa kiganja chake, akafungua pazia, akarudi kwenye kinanda.

* * *

"Huyu hapa!" Mzee Filimbi akawaambia watu nilipotokea. "Leo nampata mwana!"

Kelele. Kwaya. Mheshimiwa amekaa, ananikonyeza. Mhubiri anatazama pembeni. Mama Wanga anajipepea kwa kasi.

Mzee akanipa kipaza sauti, akasimama ubavuni kwangu, bega kwa bega, kama baba na mtoto kwenye picha.

Nikavuta pumzi.

"Ndugu zangu," nikasema. "Mimi sikufa."

"Hakufaaa!" uwanja ukalipuka. Ngoma zikarindima. Mtu akanirushia shada la maua.

"Sikilizeni! Nasema sikufa kabisa! Hata kidogo!"

"Hata kidogoooo!"

Kinanda akaacha kupiga. Kwaya ikaendelea bila yeye. Nikaona Mheshimiwa amesimama, anamfanyia ishara fundi wa mitambo, kidole kwenye koo.

"Nilijifanya!" nikapiga kelele. "Nilijifanya nimezi..."

Vipaza sauti vikakatika.

Umati haukusikia kitu. Uliendelea kuimba, mikono hewani, vumbi linapanda. Mheshimiwa akaketi, akapumua. Mama Wanga akaacha kujipepea. Mambo yote yalikuwa yamerudi mahali pake.

Isipokuwa bega moja, lililokuwa limegusana na langu, likajitenga.

Mzee Filimbi alikuwa ananitazama. Yeye hakuhitaji kipaza sauti. Akavua utepe wake taratibu, akaukunja, akaushika mkononi. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Rudia," akasema. "Rudia ulichosema. Hapa, sikioni."

Akainamisha kichwa kunielekea, sikio lile lile alilolaza kifuani kwangu.

Nikamtazama Kinanda. Hakunipa ishara yoyote.

Nikainama, nikarudia.